Landrover 109 inavuja oili: uongeze tu, ubadili gasketi za juu, au ushushe mzigo wote ufuate sili ya nyuma?

Wakuu habari za leo. Mimi nina Landrover 109 ya Series III, ya mwaka 1976, petroli, ile injini ya 2.25 ambayo kwenye kitabu chake ni cc 2286. Aliniachia marehemu mzee wangu na nimekuwa nayo hapa Arusha miaka kumi na moja sasa. Watu wakiiona wanauliza mambo mawili, inakula mafuta kiasi gani na je, inavuja oili, na hilo la pili ndo nataka tuliongee kwa kirefu maana kila mara kuna mtu ananipigia simu, ana gari ya babu yake au kanunua mnadani, chini kuna dimbwi, fundi kamwambia tushushe gia boksi, hela yenyewe ya mawazo, hajui aanzie wapi.

Nitalinganisha njia ambazo nimezipitia mwenyewe au nimesimama pembeni nikaona zikifanyika, inachukua muda gani, inatibu nini na nini haigusi. Bei za spea sitaziandika kwa shilingi, zinapanda na kushuka, na pale Gerezani, Dar, siku hiyo hiyo maduka mawili yanayotazamana yanakupa bei mbili. Msimamo wangu nausema mapema: anza juu, anza na kitu cha bei ndogo, na usikubali mtu akushushie gia boksi kabla hajakuonyesha kwa kidole oili inatokea wapi.

Kinachonifanya niseme kwa uchungu ni hiki. Mwaka wa tatu wa kuwa na gari nilipeleka gereji moja, ilikuwa inadondosha oili pale injini inapokutana na gia boksi. Fundi akachungulia chini kama dakika mbili akasema mzee hii sili ya krenki ya nyuma, imekufa, yaani ile raba inayozuia oili kwenye mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini. Nikakubali. Siku sita gari iko juu ya magogo, viti nje, sakafu nje, sili mpya ikafungwa, nikalipa, nikarudi nyumbani, asubuhi naangalia chini doa ni lile lile, mahali pale pale. Nilikaa kwenye kizingiti nikaliangalia lile doa mpaka chai ikapoa.

Jumamosi yake nikaosha injini yote kwa dizeli na brashi, nikamalizia na maji ya sabuni ya unga, nikaiacha ikakauka juani, halafu nikanyunyiza poda ya mtoto kuanzia nyuma ya roka kava, kile kifuniko cha juu ya injini, mpaka chini kwenye beli hauzi, nyumba ya chuma inayounganisha injini na gia boksi. Nikaendesha mpaka Usa River na kurudi. Nikafungua boneti, poda bado nyeupee kila mahali, ila kwenye kona ya nyuma ya roka kava kuna mstari mweusi mwembamba kama njia ya siafu, umeshuka na ukuta wa nyuma wa injini, umezunguka bega la beli hauzi, umeenda kudondokea chini kabisa, pale pale fundi alipopaonyesha. Gasketi ya koki (cork, ile ya gome la mti, sio koki ya maji) ilikuwa imebanwa mpaka imepasuka na kutoka nje kama ulimi. Kitu cha kubadili kwa dakika ishirini, na mimi nimelipia siku sita.

Kwa hiyo kabla hujachagua njia yoyote, fanya hiyo kazi ya poda. Oili haikai inapotokea, inashuka na upepo wa feni unairudisha nyuma, ndo maana karibu kila uvujaji kwenye injini hii unaishia kuonekana kama wa nyuma. Weka na kartoni safi chini ya gari usiku, uandike na peni tairi za mbele ziko upande gani, asubuhi utajua matone ni ya mbele, ya katikati au ya kwenye beli hauzi.

Kitu kingine, chini kabisa ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kuna tundu dogo. Lile liliwekwa makusudi, oili ikipita kwenye sili itoke nje isijikusanye ikalowesha klachi. Lina kizibo chake cha kuzungusha kama boliti, unakifunga siku ya kuvuka mto tu, ukishavuka unakitoa. Nimeona watu wamekifunga moja kwa moja ili gari isichafue paking, na nimeona pia gari hizo hizo zinapandisha kule Kitonga klachi inateleza injini inalia gari haiendi. Acha tundu wazi. Na ukiona kitu kinadondoka hapo, chovya kidole unuse. Oili ya injini ni nyeusi na nyepesi, haina harufu kali. Oili ya gia, ile EP90, ni nzito na inanuka kama kiberiti, ukishainusa mara moja huisahau. Kama ni ya gia basi sili iliyokufa ni ya mbele ya gia boksi na ukibadili ya injini umetupa hela, matone yataendelea vile vile.

Kuacha kama ilivyo na kuongeza

Hii ni njia halali kabisa na sioni aibu kuisema, ila ifanywe kwa hesabu. Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo lita moja ni kama matone 20,000. Gari ikilala saa 12 na kudondosha tone moja kila dakika, ni matone 720 kwa usiku, kwa mwezi unapita lita nzima kidogo. Sampu ya hii injini, lile karai la oili la chini, inabeba lita 6 na robo, na filta yake kama 0.85, kwa hiyo lita moja kwa mwezi haikuui kama unachomoa dipstiki kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mtu anayeitumia gari Jumapili kwenda shamba na kurudi, anaweka karai lenye maranda chini, anaongeza oili ya 20W-50, maisha yanaenda.

Inakuwa sio njia tena pale oili inapodondokea kwenye ekzosi. Ukisikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni, au moshi wa bluu unatoka kwenye boneti, hapo acha kuhesabu matone, ni moto huo unautafuta. Vile vile kama klachi imeanza kuteleza, au raba za mauntini za injini zimelowa mpaka zinakuwa laini kama jojo. Na kama unapaki karibu na kisima au bustani ya mboga, hata hayo matone machache mimi nisingeyaacha, oili ikishaingia ardhini hakuna wa kuitoa.

Dawa ya chupa na oili nzito

Zile dawa za kumwaga kwenye injini kazi yake ni kulainisha na kuvimbisha raba iliyokauka. Kwa hiyo zinaweza kusaidia sili ya raba ambayo imekuwa ngumu kwa gari kukaa muda mrefu bila kuwashwa, mfano gari imelala miaka minne kwenye banda la mzee, umeiamsha, inavuja kidogo mbele au nyuma. Hapo ningejaribu, maana ni chupa moja na unaendesha wiki kadhaa unaona. Lakini gasketi ya koki haivimbi kwa dawa, boliti iliyolegea haijikazi kwa dawa, na krenki iliyochimbika mfereji haijazi kwa dawa. Na raba ikivimbishwa sana inakuwa laini halafu inachoka haraka, kwa hiyo uichukulie kama muda wa kujipanga na sio tiba.

Oili nzito, wengi wanahama kutoka 20W-50 kwenda ile yenye namba moja tu, 40 au hata 50. Matone yanapungua kweli, ila asubuhi ya baridi ya huku Arusha au Njombe mwezi wa saba injini inazunguka kwa shida na oili inachelewa kufika juu kwenye roka. Kati ya hivi viwili, dawa na oili nzito, mimi nachagua dawa mara moja na kubaki na 20W-50. Injini ya miaka hamsini inakufa kwa kukosa oili juu kuliko kwa tone la chini.

Bridha, ambayo watu wanairuka

Naiweka peke yake sababu imeniokolea hela kuliko kitu kingine chochote. Injini inapumua. Kila pistoni ikishuka kuna gesi kidogo inapita kwenye ringi na kuingia chini, na lazima itoke mahali. Kwenye hii 2.25 inatokea kwenye kifuniko cha kupumulia juu ya roka kava na pale kwenye mfuniko wa kujazia oili, ndani yake kuna wavu wa waya. Wavu ukiziba na vumbi na oili iliyoganda, na kwa barabara zetu unaziba kweli kweli, presha inabaki ndani inatafuta pa kutokea, inasukuma oili kwenye kila gasketi na kila sili hata iwe mpya. Mtu anabadili sili ya nyuma, baada ya miezi miwili inavuja tena, anamlaumu muuza spea, kumbe injini imezibwa pumzi.

Kuisafisha ni kutoa vifuniko, kuviloweka kwenye petroli nusu saa, kutikisa, kupuliza na upepo, kukausha, kurudisha. Nusu saa na petroli ya kikombe. Hakikisha na mpira unaoenda kwenye kisafisha hewa haujabonyea. Halafu washa injini ikiwa imepata moto, toa mfuniko wa kujazia oili utazame. Pumzi ndogo ndogo ni kawaida. Kama inatoa moshi kwa mapigo kama treni na unausikia mkononi unasukuma, ringi zimechoka, na hapo tutafika chini kwenye ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuifanya upya, usihangaike na gasketi kwanza.

Nimeshaona 109 ya rafiki yangu wa Karatu imepunguza uvujaji zaidi ya nusu kwa kusafisha bridha tu. Alikuwa ameshaweka oda ya seti nzima ya gasketi.

Gasketi za juu na ubavuni

Hapa ndo penye kazi nyingi zinazoweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye spana za inchi, maana hii gari haijui milimita sehemu nyingi.

Roka kava inashikwa na nati tatu za juu. Kinachoiua ni mtu kukaza. Anaona inavuja, anakaza, inavuja zaidi, anakaza tena, koki inapasuka na kava yenyewe inapinda. Ukiweka gasketi mpya, kwangua ya zamani mpaka chuma kionekane, weka kava juu ya kioo au meza iliyonyooka uone kama inacheza, kama imepinda igonge taratibu na mbao mpaka ilale. Kaza kwa mkono halafu robo tu ya spana. Angalia na raba ndogo zilizo chini ya zile nati, zikiwa ngumu kama plastiki oili inapanda na nyuzi za boliti inatokea juu, na hizo ndo watu hawazinunui.

Kava za ubavuni zipo mbili, ya mbele ndo imebeba bomba la kujazia oili, ya nyuma imebeba pampu ya petroli. Ya nyuma ni mbaya sababu ikivuja inafanana kabisa na sili ya krenki, inashuka na injini inaishia kwenye beli hauzi. Pampu yenyewe nayo ina gasketi yake, poda itakuambia ni ipi.

Filta nayo ina mtego wake. Ni ile ya kopo la chuma lenye boliti ndefu katikati, na juu kuna raba ya duara inayokaa kwenye mfereji. Raba mpya inakuja na filta. Kijana wa kubadilisha oili anashusha kopo, raba ya zamani inabaki imeng'ang'ania juu kwenye mfereji haionekani, anaweka mpya juu yake, anafunga, mbili zinasukumana. Hapo haitoi tone, inaweza kumwaga oili nyingi kwa safari moja. Kila ukibadili filta chukua pini au bisibisi nyembamba, chokonoa ile ya zamani itoke, ndo uweke mpya. Kwa vile uko hapo hapo pangusa na swichi ya taa ya oili, ikiwa imelowa kwenye maungio ya plastiki ibadili, ni kitu kidogo na bei yake ndogo.

Sampu usiikimbilie. Kwa kuwa ndo iko chini, oili ya wote inapita kwake na lawama anabeba yeye. Kama kweli ni yenyewe, angalia kwanza washa ya kopa ya boliti ya kumwagia, halafu matundu ya boliti za pembeni, mara nyingi chuma kimevutwa juu kwa kukazwa, inabidi kulalisha kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kuweka gasketi mpya.

Sasa gasketi gani. Pale mjini utapewa tatu: ya kiwandani kwenye seti, ya kugongwa na fundi kwa nyundo kutoka kwenye karatasi ya gasketi, au silikoni ya kwenye tyubu. Ya kugongwa msiidharau jamani, nimeona mzee mmoja anaweka karatasi juu ya kava anagonga ukingoni kwa nyundo ya duara tok tok tok, dakika kumi anainua kitu kimekatika safi na matundu yote, na mimi ninayo ya hivyo kwenye kava ya ubavuni mwaka wa tano haijatoa jasho. Inafaa pale chuma na chuma vimenyooka. Kwenye roka kava bado nataka koki au ya raba ya kiwandani, kuna nafasi kubwa ya kujaza pale.

Silikoni naiogopa. Sio mbaya yenyewe, ubaya ni mkono wa fundi, anaweka nene kama siagi kwenye mkate, ukikaza nusu inajikunja ndani, inakauka, inakatika, inaelea kwenye oili mpaka kwenye chujio la pampu chini ya sampu inaziba. Umezuia tone umeua injini. Kama lazima, weka unyuzi mwembamba kwenye kona tu, uache ikae ishikane kabla ya kujaza oili.

Mbele, kwenye kava ya cheni, kuna sili moja inayozunguka na puli ya krenki. Ni kutoa rejeta na ile nati kubwa ya kuingizia hendeli, kazi ya siku moja. Ukitoa puli pitisha ukucha pale sili inapogusa, kama ukucha unakwama kwenye mfereji sili mpya itavuja vile vile, nunua puli nzima au uweke kola nyembamba ya chuma juu yake.

Sili ya nyuma: kushusha gia boksi au kunyanyua injini?

Tumefika kwenye hela. Umeosha, umeweka poda, umesafisha bridha, juu kote kukavu, na bado oili ya injini, ile isiyonuka, inatoka kwenye tundu la flaiwili. Sasa ndo ni sili kweli.

Kwanza jua una injini ipi. Mpaka 1980 hizi 2.25 zilikuwa na beringi tatu kubwa za krenki, baadae zikawa na tano. Usiangalie mwaka wa gari kwenye kadi tu, injini nyingi zimeshabadilishwa. Ya beringi tano ina sili ya kipande kimoja cha duara inayokaa kwenye nyumba ya flaiwili, ukishafika unaichomoa unapachika nyingine. Ya beringi tatu kama yangu ina sili iliyokatwa na springi yake ya kuunganisha kwa ndoano, inakaa kwenye kishikio cha nusu mbili, nusu moja imefungwa kwenye bloku na nusu kwenye kifuniko cha beringi ya nyuma. Kwa hiyo lazima sampu ishuke na kifuniko hicho kitoke. Na pembeni ya kifuniko kuna vipande viwili vya raba vya umbo la T, huku na huku, ambavyo vikichanika wakati wa kurudisha, na vinachanika kirahisi sana, umerudi ulikotoka.

Kushusha gia boksi maana yake ni kazi ya ndani ya gari. Viti, boksi la viti, sakafu, tanoli, propela shafti zote mbili, hendibreki, hendeli za gia, halafu gia boksi na transifa yake inatolewa kwa winchi kupitia mlangoni au inavutwa nyuma. Uzuri wake injini haiguswi, rejeta, waya na ekzosi vinabaki, na unapata nafasi ya kuona sili ya mbele ya gia boksi. Ubaya ni zile boliti za sakafu, gari ya miaka ile nusu yake zitakatika, utaenda na msumeno. Na kwa injini ya beringi tatu, ukishafika nyuma bado unalala chini kwenye mgongo, unashusha sampu, unahangaika na zile raba za T kwa mikono juu ya kichwa na oili inakudondokea machoni. Ndivyo ilivyofanyika kwangu mara ya kwanza, na nikija kuifungua baadae nilikuta raba moja imekatika na kujikunja.

Kunyanyua injini ni boneti, rejeta na paneli ya mbele, betri, waya, bomba la petroli, ekzosi, mauntini, boliti za beli hauzi, unafunga mnyororo unaivuta kwa cheni bloku iliyoning'inia kwenye nguzo tatu za chuma. Inaonekana kazi kubwa zaidi lakini boliti zote zinafikika umesimama, hakuna kutu ya sakafu. Mara ya pili nilifanya hivi na fundi mzee wa Sakina na kijana wake, siku ya kwanza injini ilikuwa nje kabla ya saa tisa mchana. Ukishaipindua kichwa chini juu ya stendi, kila kitu kiko mbele ya macho yako. Zile raba za T tulizipaka grisi ya silikoni, tukazisindikiza na vibati viwili vyembamba vilivyokunjwa ili zisikwaruzwe na kona ya bloku, tukakata kilichozidi tukabakiza kidogo sana, chini ya milimita moja, ili sampu ikikazwa izikandamize. Mdomo wa sili unaangalia ndani, upande wa oili. Paka oili kwenye mdomo, isiwashwe ikiwa kavu.

Kwa hiyo uamuzi wangu hapa uko wazi: beringi tatu, nyanyua injini. Beringi tano na klachi yako bado mpya na injini haina tatizo lingine, vuta gia boksi. Njia yoyote utakayotumia pitisha ukucha kwenye krenki pale sili inapokaa. Kuna mikwaruzo midogo ya kutu unaweza kuipitisha msasa laini sana kwa mzunguko, lakini mfereji unaokwamisha ukucha unataka krenki ikatengenezwe, hakuna sili itakayoshinda hapo. Nunua pleti ya klachi na bushi ndogo ya mwisho wa krenki siku hiyo hiyo, kuifungua tena kwa ajili ya bushi ni kujitesa. Na sili yenyewe uliza ya kampuni ya Corteco, tofauti ya bei na zile za kwenye mfuko wa nailoni usio na jina ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kufika pale.

Ovahoo au kuweka injini nyingine

Kama ule mfuniko wa oili ulikuwa unapumua kama treni, gasketi na sili zote ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Ringi, pengine kuboa silinda, beringi, na hapo hapo sili zote zinabadilishwa. Ni ghali, ndio, lakini ukiigawa kwa miaka utakayokaa bila kuifungua haitishi, na spea za hii 2.25 bado zinapatikana.

Njia nyingine ambayo fundi atakupendekezea ni kutoa hiyo injini na kuweka dizeli ya Kijapani. Inaokoa mafuta, hilo sibishi, na anayebebea mizigo kila siku namwelewa. Ila uvujaji hauishi kwa kuhama injini, unapata maungio mapya ya kutengenezwa mtaani kati ya injini na gia boksi, mauntini za kuchomelea, na namba ya injini kwenye kadi inabidi ukabadilishe TRA. Halafu gari ya kumbukumbu inapungua kitu. Oktoba 2024 hapa Arusha kwenye lile tamasha la Landrover zilikusanyika zaidi ya 1000, nilitembea mstari mrefu nikichungulia boneti zilizo wazi, na kila nilipokuta 2.25 yenyewe imekaa mahali pake, roka kava imefutwa, waya za plagi zimepangwa, nilisimama nikaongea na mwenyewe. Mzee wangu aliifungua hii injini mara mbili kwa mikono yake, siwezi kuiuza chakavu kwa sababu ya sili.

Ukimaliza kazi yoyote kati ya hizi, jaza oili mpaka alama ya juu usivuke, oili ikizidi nayo inatafuta pa kutokea. Washa dakika tano, zima, chungulia. Endesha kilomita 50, kaza tena roka kava kidogo sana ikiwa imepoa, koki mpya huwa inalala. Baada ya kilomita 500 osha tena, poda tena, kartoni tena. Ya kwangu ya leo asubuhi ilikuwa na matone mawili, nimeyanusa, yote yananuka kiberiti, kwa hiyo mwezi ujao nafungua ile sili ya mbele ya gia boksi.